Titi Kwanza, Kikombe Msaidizi: Je, Mtoto Mchanga Anyonye au Akamuliwe Maziwa?



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wa Mafia hutuuliza mara nyingi, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Wanauliza: je, ni bora mtoto mchanga anyonye titi la mama yake, au mama akamue maziwa na kumpa mtoto kwa chombo?

Zamani swali hili halikusikika sana. Siku hizi pampu za kukamulia maziwa zinauzwa Dar es Salaam, na ndugu wanaorudi kisiwani kwa chombo kutoka Nyamisati huzileta kama zawadi kwa mzazi. Zawadi hiyo inatolewa kwa upendo, lakini tumeona imesaidia nyumba moja na kuleta taabu katika nyumba nyingine. Tuanze na mifano miwili.

Mama wawili

Mama wa kwanza alijifungua salama mtoto wa kilo 3 na zaidi. Mtoto alinyonya vizuri tangu saa ya kwanza. Siku ya nne akalia sana usiku, na bibi mzaa baba akasema, "Mwanangu, mtoto huyu hashibi. Maziwa yako mepesi." Wifi akatoa pampu aliyoileta kutoka mjini, ili waone maziwa ni kiasi gani. Mama alikuwa amechoka na ana wasiwasi, akapata kidogo tu chini ya chupa. Wote wakaamini kwamba hana maziwa. Wakaanza kumpa mtoto yale yaliyokamuliwa kwa chupa yenye nyonyo ya mpira, na baadaye wakaongeza maziwa ya kopo. Baada ya siku chache mtoto akawa analigomea titi, kwa kuwa chupa hutiririka bila yeye kufanya kazi. Kisha akaanza kuharisha. Alipofika kwetu macho yalikuwa yameingia ndani na hakuwa amekojoa tangu usiku. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona, lakini ilibaki kidogo tumpoteze.

Mama wa pili alijifungua kabla ya wakati mtoto wa kilo 1 na nusu, ambaye siku hizi wengi humwita mtoto njiti. Mtoto huyu hakuweza kunyonya. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango huwa kugumu kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 hivi ya ujauzito. Mama alilia akisema, "Sista, mwanangu atakufa njaa, na mimi maziwa yamejaa." Tulimfundisha kukamua kwa mkono, na mtoto akapewa maziwa hayo kwanza kwa mpira mwembamba wa kulishia, kisha kwa kikombe kidogo. Baada ya wiki kadhaa alilishika titi mwenyewe. Mtoto huyo aliokolewa na maziwa ya kukamua.

Mmoja alidhurika palipokuwa na kukamua, mwingine akapona kwa kukamua. Tofauti iko wapi? Mtoto wa kwanza alikuwa na nguvu na mama yake alikuwa karibu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuweka chombo katikati yao. Wa pili hakuweza kulifikia titi, hivyo chombo kikawa daraja. Hilo ndilo somo letu: mtoto akiweza kunyonya na mama akiwepo, titi ndilo la kwanza. Kukamua ni msaidizi wa siku ambayo mtoto hawezi kunyonya au mama hayupo.

Kwa nini titi ni la kwanza?

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupata habari na kutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, hutengeneza maziwa, nayo hutoka kwa wingi zaidi usiku. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yatoke, na pia hulikaza tumbo la uzazi ili damu ipungue baada ya kujifungua. Kwa hiyo titi halifanani na mtungi ambao ukichota unapungua. Linafanana na kisima: kadiri unavyochota ndivyo maji yanavyoingia. Mama anayenyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, kwa kawaida hupata maziwa ya kumtosha mwanawe.

Maziwa ya siku za kwanza huitwa dang'a. Ni machache, mazito na ya rangi ya njano. Wazee wengine huyaita machafu na kuyamwaga. Ndugu, hiyo ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, kwa sababu yamejaa kinga za mwili wa mama. Yasimwagwe hata tone moja.

Maziwa ya titi hayahitaji kuchemshwa, kupozwa, kupimwa wala kuoshewa vyombo. Katika nyumba ambazo maji matamu ni ya kuhesabu, jambo hilo peke yake ni kinga kubwa dhidi ya kuhara. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Kwa hiyo hata katika joto la kaskazi mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa, wala maji ya sukari, wala uji.

Hapa nasi wauguzi tunapaswa kuungama. Tulipoanza kazi miaka ya 1990, wako miongoni mwetu waliofundishwa na wakubwa wao kumpa mtoto mchanga maji ya glukosi wakati akisubiri maziwa ya mama "yaingie", na kumlaza mbali na mama ili mama apumzike. Tulidhani tunasaidia, kumbe tulikuwa tunachelewesha maziwa. Leo tunajua kwamba mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aongezewe vyakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa kisiwani, nao wanafundishwa juu ya miaka 2 kamili ya kunyonyesha. Katika jambo hili kanisani, msikitini na kliniki tunasema lugha moja.

Pampu si kipimo cha maziwa

Akina mama wengi huhukumiwa na pampu kama yule mama wa kwanza. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa kuliko pampu, na mama mwenye hofu hutoa kidogo hata kama titi limejaa. Ukitaka kujua kama mtoto anashiba, angalia dalili hizi:

1. Kuanzia siku ya 5 hivi, anakojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo ni mweupe.
2. Unamsikia akimeza, na baada ya kunyonya analegea na kutulia.
3. Uzito alioupoteza siku za kwanza unarudi kufikia wiki ya 2, na baada ya hapo mstari katika kadi ya kliniki unapanda.

Kulia peke yake si dalili ya njaa. Mtoto hulia kwa joto, kwa nguo iliyolowa, kwa gesi tumboni, au kwa kutaka tu kubebwa. Akina bibi, tunawaheshimu sana, nanyi mmelea wengi. Tunawaomba kabla ya kusema "hashibi", mhesabu kwanza nguo alizolowesha.

Ni wakati gani kukamua kunahitajika?

- Mtoto amezaliwa kabla ya wakati au ni mdogo mno, hana nguvu za kunyonya.
- Mtoto ni mgonjwa au amepelekwa hospitali nyingine, labda kuvushwa kwenda bara, na mama amebaki.
- Matiti yamejaa na kuwa magumu hata mtoto anashindwa kulishika titi. Mama akamue kidogo tu ili lilainike, kisha amnyonyeshe.
- Chuchu imechanika na maumivu hayavumiliki. Mara nyingi chanzo ni mtoto kushika ncha ya chuchu tu badala ya kuingiza kinywani na sehemu nyeusi inayoizunguka. Njoo tukurekebishie mkao.
- Mama anarudi kazini, shuleni, sokoni au pwani.

Mama wa mtoto njiti aanze kukamua mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1 na isizidi saa 6 baada ya kujifungua. Aendelee angalau mara 8 kwa saa 24, na asiache kukamua usiku. Asikate tamaa akiona matone tu siku ya kwanza. Kiasi cha kumpa mtoto ataambiwa na muuguzi kulingana na uzito. Vilevile ambebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kwa njia inayoitwa huduma ya kangaruu. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1978 katika hospitali ya Bogotá, Kolombia, ambako mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha. Leo inatumika dunia nzima. Kifua cha mama kinampa mtoto joto na kinaongeza maziwa. Baba naye anaweza kumbeba mtoto hivyo wakati mama anaoga au anakula.

Jinsi ya kukamua kwa mkono

Mkono hauhitaji umeme wala fedha, na maziwa ya siku za kwanza, ambayo ni mazito, mara nyingi hutoka vizuri zaidi kwa mkono kuliko kwa pampu.

1. Chukua kikombe chenye mdomo mpana. Kioshe kwa sabuni, kisha kimwagie maji yanayochemka na uyaache humo dakika chache. Yamwage ukiwa tayari kukamua.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa mahali patulivu, umtazame mtoto au ushike nguo yake. Kanda titi taratibu kuelekea chuchu.
3. Weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, pembezoni mwa sehemu nyeusi, kama sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu.
4. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Bana, achia, bana, achia. Usiivute chuchu wala usisugue ngozi. Isiume, ikiuma, unakosea.
5. Zungusha vidole ili pande zote za titi zitoe maziwa. Maziwa yakipungua baada ya dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, kisha rudia. Kazi yote huchukua kama dakika 20 hadi 30.

Kama unatumia pampu, iwe ya aina inayofunguka kila sehemu ili ioshwe, na ioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumika. Ile ya kubinya mpira kama honi ya baiskeli haifai, kwa kuwa maziwa huingia ndani ya mpira na kuoza humo. Wala pampu isiazimwe nyumba kwa nyumba.

Mpe kwa kikombe, si kwa chupa

Chupa na nyonyo yake zina kona nyingi za kuficha vijidudu, na mtoto huzoea mtiririko rahisi. Kikombe kidogo kilicho wazi husafishika kwa urahisi. Mpakate mtoto akiwa macho, amekaa karibu wima. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini mpaka maziwa yaufikie tu. Usimmiminie. Yeye mwenyewe atayaramba au kuyafyonza na kupumzika anapotaka. Ukimmiminia, anaweza kupaliwa.

Mama anayekwenda pwani

Desturi yetu ya mzazi kupumzika siku 40 ni nzuri kwa unyonyeshaji, na tunawasihi kina baba na wakwe waitunze. Lakini baada ya arobaini mama wengi hurudi kwenye pweza na mwani. Wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, mama anaweza kuondoka saa 2 asubuhi na kurudi saa 7 mchana. Afanyeje?

Njia bora ni dada au shangazi amlete mtoto ufukweni, kivulini, anyonye pale. Kama haiwezekani, mama akamue muda mfupi kabla ya kuondoka, kisha amnyonyeshe mtoto baada ya kukamua. Msishangae, mtoto hupata maziwa hata kwenye titi lililokwisha kukamuliwa. Maziwa yafunikwe na kuwekwa mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba, kwa mfano kikombe ndani ya bakuli la maji baridi, mbali na jiko.

Maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa 4 kama hakuna friji, na siku za joto kali yatumike mapema zaidi. Kwa hiyo yaliyoachwa saa 2 asubuhi yapewe mtoto, tuseme, saa 4 na kabla ya saa 6 mchana. Baada ya hapo yamwagwe. Yaliyobaki kwenye kikombe ambacho mtoto ameshanywea yasihifadhiwe kwa ajili ya mlo mwingine. Wenye friji wanaweza kuyaweka hadi siku 4, lakini umeme ukikatika muda mrefu msiyaamini. Yakiwa baridi, weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu. Yasichemshwe.

Mama akirudi, ajisafishe na amnyonyeshe mara moja. Wengine huyakamua na kuyamwaga ya kwanza wakisema yamechacha kwa jua. Hapana. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Yanaharibika nje, ndani ya chombo.

Kwa mama aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu anyonyeshe hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ijueni haki hiyo.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI

Mama huyu asijifiche na asiache kunyonyesha kwa kuogopa. Akitumia dawa zake za ARV kila siku bila kuruka, na mtoto akipewa dawa ya kinga na kupimwa kama anavyoelekezwa kliniki, hatari ya kumwambukiza huwa ndogo sana. Ampe maziwa yake peke yake miezi 6 ya mwanzo. Kuchanganya maziwa ya mama na uji au maziwa mengine katika miezi hiyo ndiko kunakoongeza hatari.

Kuhusu maziwa ya kopo

Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na nyonyo, kwa sababu watoto wengi wa nchi maskini walikuwa wakiharisha na kufa. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Maziwa hayo yana nafasi yake pale mama amefariki au daktari ameagiza. Hayafai kuanzishwa kwa sababu ya neno la jirani.

Leteni mtoto haraka

Msisubiri mkimwona mtoto mchanga amekataa kunyonya kabisa, ana homa au mwili wa baridi, anapumua haraka, ana degedege, amekuwa wa njano mpaka viganja na nyayo, au hajakojoa kwa muda mrefu. Mama naye aje upesi kama titi ni jekundu, linauma na ana homa. Asiache kunyonyesha upande huo isipokuwa ameelekezwa hivyo, kwa maana maziwa yakibaki ndani hali huzidi.

Neno la mwisho

Mwezi Januari 2017, katika Kikanisa cha Sistina kule Vatikano, marehemu Papa Fransisko alikuwa akibatiza watoto, nao wakaanza kulia. Aliwaambia mama zao wawanyonyeshe pale pale bila hofu, kama Bikira Maria alivyomnyonyesha Yesu. Basi nasi tusimtazame vibaya mama anayenyonyesha kanisani, kwenye boti au kwenye mkutano wa jumuiya. Tumpe nafasi ya kukaa, kikombe cha maji, na maneno ya kumtia moyo. Yule mama wa kwanza hakukosa maziwa. Alikosa mtu wa kumwambia, "Endelea, mwanangu, unafanya vizuri."

Kwa mazungumzo katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo:

1. Katika jumuiya yetu, nani anamsaidia mzazi kazi za nyumbani katika siku 40 za kwanza? Kina baba wanafanya nini?
2. Ni maneno gani ya wakubwa yanayomvunja moyo mama anayenyonyesha, na yapi yanayomjenga?
3. Kina mama wanaokwenda pwani wanaweza kusaidianaje ili watoto wao wanyonye?

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Tuonane mwezi ujao.